NYIMBO ZA GARI LA MOSHI KATIKA MJI USIO NA RELI

Katika lugha ya Kinyarwanda limo neno gariyamoshi. Neno hilo limetoka katika Kiswahili, likapanda milima hadi Kigali na kupata uenyeji huko. Lakini kitu chenyewe kinachotajwa na neno hilo hakijafika bado. Ndani ya mipaka ya Rwanda hakuna reli wala stesheni, wala hakuna behewa hata moja linalosubiri abiria. Anayetaka kusikia honi ya treni sharti avuke mpaka.

Hata hivyo, nyimbo za gari la moshi zina wapenzi wake mjini Kigali, na wapenzi hao ni wabishi kweli kweli. Baadhi yao walikulia Uganda, wengine Tanzania, wengine Kenya au Kongo, wakarejea katika nchi ya wazazi wao baada ya mwaka 1994. Walirudi na vyombo vichache na nyimbo nyingi. Wengine hawajapata kupanda treni maishani mwao, na bado wanaweza kukesha wakibishana ni wimbo upi wa treni ulio bora na upi usiofaa hata kusikilizwa.

Ubishi wa namna hiyo ulizuka katika nyumba moja ya Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kilisemwa vizazi na vizazi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kazi ya umuganda ilikuwa imekwisha, majembe yameoshwa na kuegemezwa ukutani, na watu wamekaa barazani wakinywa chai ya maziwa na maandazi. Mwenye nyumba ni sajini mstaafu wa jeshi. Kulia kwake alikaa jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi, na mbele yao kijana wa nyumba hiyo, koplo wa polisi. Mama wa nyumba alikuwa akiingia na kutoka na birika.

Ubishi huo haukuwa wa kupoteza wakati tu. Siku nne baadaye kijana yule alikuwa aondoke kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako askari wa Rwanda hulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Alikuwa akipanga nyimbo katika simu yake za kumliwaza huko, na kwa kuwa baba yake ni mpenzi mkubwa wa nyimbo za treni, alimwomba ampe za kuanzia. Mwalimu akaweka sharti: kila mmoja ataje wimbo mmoja aupendao kuliko zote na mmoja auchukiao, na atoe sababu. "Bila sababu," alisema, "hiyo si hoja, ni kelele."

MAKAA YA MAWE NA SHABA

Sajini hakuhitaji muda wa kufikiri. Alitaja "Stimela" wa Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini.

Masekela alizaliwa mwaka 1939 Witbank, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Alilelewa na bibi yake, ambaye aliwauzia pombe wachimbaji. Kwa hiyo tangu utotoni alizisikia habari za migodi kutoka vinywani mwa watu waliotoka chini ya ardhi jioni hiyohiyo. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1960, akaishi uhamishoni miaka 30, na akaurekodi wimbo huo mwaka 1974 pamoja na bendi ya Hedzoleh Soundz ya Ghana. Alirejea kwao mwaka 1990 na kufariki dunia Januari 2018.

Wimbo wenyewe hauanzi kwa kuimbwa, bali kwa kusimuliwa. Msimulizi anazitaja nchi moja baada ya nyingine ambazo treni inawakusanya wanaume, kutoka Malawi na Namibia hadi Msumbiji, na kuwapeleka kwenye migodi ya Johannesburg na viunga vyake. Anaeleza kazi yao, ujira wao mdogo, chakula chao kibovu na mabweni yao machafu. Halafu, kwa kinywa chake mwenyewe, anatoa sauti ya honi na ya moshi unaosukumwa, hata msikilizaji akashtuka na kutafuta pa kukanyaga.

"Mimi nilikulia karibu na Kamwenge," alisema Sajini, "kwenye reli ile ya kutoka Kampala kwenda Kasese. Reli ile ilikamilika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Sisi watoto wa wakimbizi tulikuwa tukihesabu mabehewa. Tulijua kwamba kinachopita pale ni mali, na kwamba mali ile si yetu. Masekela alipoimba makaa ya mawe, mimi nilisikia shaba. Huo ndio wimbo wa treni. Nyingine zote ni mapambo."

Alipoulizwa wimbo auchukiao, alitaja "The Loco-Motion", ambao Little Eva aliuimba mwaka 1962 na kuufikisha kileleni nchini Marekani. Hoja yake ilikuwa fupi: katika wimbo ule hakuna anayesafiri. Ni mchezo wa dansi uliovalishwa joho la treni. Mwalimu alicheka akasema kwamba hata watoto wa chekechea hushikana mabega wakafanya treni, na hakuna anayewakaripia kwa kukosa tiketi.

WIMBO WA KUSUKUMIZA

Zamu ya mwalimu ilipofika, alitaja "Shosholoza". Huo hauna mtunzi anayejulikana kwa hakika. Uliimbwa na wafanyakazi wa Kindebele waliotoka Zimbabwe ya leo kwenda kufanya kazi Afrika Kusini, na maneno yake yamechanganya Kindebele na Kizulu. Kiongozi hutoa, kundi hupokea, na sururu au nyundo hushuka kwa pamoja. Nelson Mandela na wafungwa wenzake waliuimba katika kisiwa cha Robben wakivunja mawe. Mwaka 1995, Afrika Kusini ilipotwaa Kombe la Dunia la raga, uwanja mzima uliuimba, weusi kwa weupe.

"Tazameni," mwalimu alieleza, "wimbo wa Mzee Masekela ni wa mtu mmoja anayewasimulia wengi. Huu wangu ni wa wengi wenyewe. Hauhitaji tarumbeta wala umeme. Na neno lenyewe stimela ni la kutazamwa. Limetoka katika neno la Kiingereza la chombo kinachokwenda kwa mvuke. Watu wa pwani yetu walilichukua neno lilo hilo wakasema stima, wakaiita meli. Watu wa kusini wakaliita gari la moshi. Na Mkenya wa leo akisema stima imepotea, anakusudia taa zimezimika. Mvuke ni mmoja, umeingia katika nyumba tatu."

Kisha akaingia katika jambo lililowafanya wote wanyamaze kidogo: kwa nini treni imezaa nyimbo nyingi kuliko basi au lori. Jibu liko chini, kwenye reli. Reli za zamani ziliwekwa vipande vipande na kufungwa kwa vyuma ubavuni, na kati ya kipande na kipande palibaki upenyo mdogo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka wakati wa joto. Kila jozi ya magurudumu ilipopita juu ya upenyo huo iligonga mara mbili, ta-ta, kisha ikafuata jozi nyingine, ta-ta. Abiria aliyekaa saa kumi juu ya mdundo huo alishuka nao mwilini. Wapiga ngoma wa Marekani waliufanya mdundo wao wa kudumu, na wapiga kinanda cha mdomo walijifunza kulia kama honi ya mbali. Treni ilikuwa bendi kabla hajapanda mwanamuziki yeyote.

"Basi zama hizo zimekwisha, mwalimu," koplo alidakiza. "Nilipokwenda Dar es Salaam nilipanda ile treni mpya ya umeme mpaka Morogoro. Reli zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa. Hakuna ta-ta wala moshi. Unasikia upepo tu."

"Na bado wataiita gari la moshi," alisema Sajini.

"Wataiita, baba. Hata hapa kwetu tunaiita, na hatuna hata ya moshi wala ya umeme."

RELI ILIYOKUWA IJE

Maneno hayo ya kijana yana historia yake. Rwanda ilikaribia kupata reli zaidi ya miaka 100 iliyopita. Reli ya kati ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati huohuo palikuwa na mpango wa tawi litakalotoka Tabora hadi kwenye kona ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, na kazi ilianzishwa mwaka huo. Kabla haijafika mbali, Vita Kuu ya Kwanza ikaikatiza. Waingereza walioshika Tanganyika baadaye walijenga reli kutoka Tabora kwenda Mwanza badala yake, ikamalizika mwaka 1928.

Juu ya reli hiyo iko Isaka, ambako shehena za Rwanda zimekuwa zikishushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa katika malori hadi mpaka wa Rusumo. Mwaka 2018 serikali za Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali, safari ya zaidi ya kilometa 500. Mpaka itakapojengwa, Nyabugogo itabaki kituo cha mabasi, na wenyeji wa Kigali wataendelea kuijua treni kwa neno na kwa wimbo.

ALIYESHINDWA NA ALIYEPOTEA

Koplo naye alitoa wimbo wake: "Midnight Train to Georgia", ulioimbwa na Gladys Knight na kundi lake la Pips mwaka 1973. Unasimulia habari za mwanamume aliyekwenda Los Angeles kutafuta umaarufu, akaukosa, akaamua kurudi kwao kwa treni ya usiku wa manane. Mwanamke ampendaye anaamua kwenda naye.

Kijana alikuwa amejifunza jambo kuhusu wimbo huo ambalo hata baba yake hakulijua. Mtunzi wake, Jim Weatherly, aliutunga kwanza kuhusu ndege iendayo Houston. Mwimbaji Cissy Houston alipotaka kuuimba, ndege ikageuzwa kuwa treni na Houston ikageuzwa kuwa Georgia. Gladys Knight aliupokea ukiwa hivyo, ukawa wa kwanza Marekani.

"Kwa nini wakabadili?" aliuliza mwalimu.

"Ndege inakwenda upesi mno," koplo alijibu. "Mtu aliyeshindwa anahitaji muda wa kufikiri kabla hajafika kwao."

Sajini alimtazama mwanawe kwa macho ya mtu aliyetambua ghafla kwamba mtoto amekua.

Lakini kijana alipoutaja wimbo auchukiao, amani ilivunjika. Alitaja "Chattanooga Choo Choo", wa bendi ya Glenn Miller. "Huo," alisema, "ni wa watu walioshiba. Mtu anapanda treni, anakula chakula kizuri behewani, anafurahia safari, anakwenda kwao kwa mpenzi wake. Hakuna shida, hakuna vumbi. Treni ya namna hiyo haijapita Afrika."

Sajini aliweka kikombe chini. Akamwambia kwamba wimbo huo ulitoka mwaka 1941, na Februari mwaka uliofuata kampuni ya santuri ilimpa Glenn Miller sahani iliyopakwa dhahabu kwa kuuza nakala milioni moja na laki mbili. Ndiyo sahani ya dhahabu ya kwanza kutolewa kwa namna hiyo. Miller alikuwa tajiri na mashuhuri, na umri wake ulikuwa umepita ule wa kuitwa jeshini. Lakini mwaka huohuo wa 1942 aliiacha bendi yake akajiunga na jeshi, akafikia cheo cha meja, akaongoza bendi ya kuwaburudisha wapiganaji. Tarehe 15 Desemba 1944 alipanda ndege ndogo Uingereza kwenda Ufaransa, kuwatayarishia askari muziki mjini Paris. Ndege ile haikufika, na wala haikupatikana.

"Kwa hiyo, afande," Sajini alimwambia mwanawe, na safari hii hakutumia neno hilo kwa mzaha, "usiseme ni wimbo wa walioshiba. Wale vijana waliokuwa wakiucheza kabla ya kupelekwa vitani walijua kwamba si wote watakaokula chakula kile tena. Furaha ya askari usiipime kwa kipimo cha raia."

Kijana aliinamisha kichwa. Akasema ataufuta katika zile azichukiazo, lakini hakuahidi kuupenda.

MAMA ATOA NENO LAKE

Mpaka hapo mama wa nyumba hakuwa ameulizwa. Alikuwa amesimama mlangoni na birika lake muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Mwalimu, ambaye kwa adabu alimwita shemeji, alimkaribisha naye atoe wimbo wake.

"Wa kuuchukia ninao," alisema. "Ni huo 'Stimela'."

Sajini alishtuka. Walikuwa wameoana miaka mingi, na wimbo huo umepigwa katika nyumba yao mara nyingi kuliko zinavyoweza kuhesabika.

"Mama watoto! Mbona hukusema siku zote?"

"Wewe uliupenda, na redio ni moja," alijibu. Kisha akaketi, akaeleza.

Yeye alikulia Tanzania, Mpanda, ambako tawi la reli litokalo Kaliua hufikia mwisho wake. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda. Mashamba yalipokosa mvua, baba yake alipanda treni kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Morogoro. Mama na watoto walimsindikiza stesheni. Alikwenda mara tatu akarudi mara mbili. Kwa muda mrefu, kila siku ya treni, mama yake alimtuma stesheni kutazama wanaoshuka. Alijua sura za wafanyakazi wote wa reli wa pale, nao walimjua. Mwisho mmoja wao alikuwa akimwona tu anatikisa kichwa kwa mbali, ili asichoke kufika.

"Huyo bwana wenu ameimba vizuri mno," alisema, "na ndiyo sababu siutaki. Ile honi anayoitoa kwa kinywa naijua. Najua anasema wale wanaume wanawakumbuka waliowaacha nyumbani. Ni kweli, wanawakumbuka. Lakini anayekumbuka yumo ndani ya behewa. Mimi nataka wimbo wa aliyebaki stesheni. Nyimbo zenu zote ni za wanaokwenda. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tulikuwapo, lakini hatukuwamo."

Koplo alijaribu kumfariji kwa kumkumbusha mwanamke wa wimbo wa Georgia, ambaye hakubaki nyuma.

"Yule alipanda, mwanangu," mama yake akamjibu. "Mimi Jumatano nitapanda wapi? Ndege ya Umoja wa Mataifa ina nafasi ya mama?"

Hapo hapakuwa na mwenye hoja. Baraza lilikuwa kimya, na ubishi wa asubuhi ulionekana umefika mahali ambapo hakuna aliyekusudia kuufikisha.

WIMBO MMOJA, MIISHO MIWILI

Aliyeokoa mambo ni mwalimu. Alisema upo wimbo mmoja unaofaa kusikilizwa mara mbili, kwa waimbaji wawili tofauti. Unaitwa "Mystery Train". Mwaka 1953 uliimbwa na Junior Parker, Mmarekani Mweusi, katika studio ya Sun mjini Memphis. Katika wimbo wake, treni ndefu nyeusi imemchukua mpenzi wa mwimbaji, na inapokuja tena anajua itafanya vilevile. Treni ile ni kama mauti, haina hiari.

Mwaka 1955, katika studio ileile, kijana Elvis Presley aliuimba upya. Aliongeza mwendo, na pia aligeuza mwisho. Katika wimbo wake treni ileile iliyomchukua mpenzi haitamchukua tena. Inakuja njiani ikimrudisha. Ni maneno machache tu yaliyobadilishwa, lakini aliyekuwa amefiwa akageuka kuwa mtu anayemngoja mgeni.

Kijana aliutafuta katika simu yake, akapiga wa Parker, kisha wa Presley. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Kiingereza chake si kingi, lakini mwalimu alimfasiria kila kipande. Ulipokwisha wa pili aliomba urudiwe.

"Yupi kati yao aliyesema kweli?" aliuliza.

Sajini ndiye aliyejibu, naye alikuwa amepoteza ile sauti yake ya amri. "Wote wawili, mama watoto. Ndiyo kazi ya treni. Inakwenda na inarudi, lakini si kila mara na watu walewale."

"Basi tia wote wawili," mama akamwambia mwanawe. "Tia na huo wa baba yako, maana ni wa kweli na hauna kosa. Lakini wa kumalizia uwe huyu anayerudisha mtu."

ORODHA UKUTANI

Mchana ule orodha ilipangwa. Ya kwanza ikawa "Shosholoza", kwa sababu mwalimu alisema kazi huanza kwa wengi. Ikafuata ya Georgia, kisha "Chattanooga Choo Choo", ambayo koplo aliitia kwa heshima ya Meja Miller. Katikati ikakaa "Stimela". Sajini aliomba nafasi ya "Funga Safari", wimbo wa kwata wa askari wa King's African Rifles. Mwalimu akapinga kwamba ule ni wimbo wa miguu, si wa treni. Sajini akasema askari wale nao walipakiwa katika mabehewa baada ya miguu kuchoka, na kwamba barazani kwake yeye ndiye mkuu wa kituo. Ukatiwa. Mwisho zikaja "Mystery Train" mbili, ya Parker kwanza na ya Presley ikifunga.

Mama hakuridhika na orodha ya ndani ya simu. Aliikata karatasi ya daftari la mtoto wa shule, akainakili kwa mkono, akaibandika jikoni pembeni ya kalenda. Halafu akauliza saa za Bangui. Mwalimu akamweleza kwamba Bangui iko nyuma ya Kigali kwa saa moja: ikiwa saa tatu usiku Kigali, kule ni saa mbili usiku.

Wakapatana hivi. Kila Jumapili, saa tatu usiku ya Kigali, kijana kama hayuko zamu atasikiliza orodha yake kuanzia mwanzo, na mama yake jikoni atasikiliza yake. Si lazima wapigiane simu, kwa kuwa mtandao huenda ukasumbua na zamu za askari hazina miadi. Ila kila mmoja atajua mwenzake yuko kwenye wimbo gani. Jambo hili halina gharama, na familia yoyote inayomtoa mtu kwenda kazini mbali inaweza kulifanya, iwe kwa nyimbo za treni, za dini au za ngoma za kwao.

Jumatano alfajiri walimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kanombe. Hapakuwa na honi wala moshi, na mlango wa kuingilia wasafiri ulijifunga wenyewe bila mlio. Sajini alipiga saluti, ingawa amestaafu. Mama alisimama palepale mpaka watu wote walipoondoka, kama alivyozoea utotoni.

Jumapili iliyofuata, saa tatu kasorobo, birika lilikuwa tayari jikoni. Sajini aliingia, akavuta kigoda, akauliza kama redio ile moja ingekuwa na nafasi ya msikilizaji wa pili. Mkewe akamsogezea kikombe. "Shosholoza" ulipoanza, wote wawili waliiangalia karatasi ukutani, wakaanza kuhesabu nyimbo zilizobaki hadi ule wa mwisho.